Mteja alijaza nilichomuuliza, pazia likaja fupi

Wengi mmeniuliza kuhusu ule ukurasa wangu wa kuagizia mapazia, ambao mteja anaweka kipimo cha dirisha na bei inatokea hapo hapo. Mnataka kujua nimeutengenezaje na mimi sijasomea kompyuta. Nitawaeleza, ila naanza na siku ulipoingiza hasara, maana somo lenyewe limetoka hapo.

Ukurasa wa kwanza niliutengeneza mwenyewe kwa kuangalia video usiku, wiki tatu hivi. Ulikuwa na picha za vitambaa, kisanduku kimeandikwa "Upana (m)", kingine cha idadi ya madirisha, halafu jina, simu, na kitufe cha kuagiza. Mteja akijaza, mashine inazidisha na bei ya mita moja, anaona jumla. Nikajiona nimemaliza kazi. Hakuna tena kuandikiana "bei gani dada" mpaka saa sita usiku.

Mteja mmoja wa Dodoma akaagiza mapazia ya madirisha manne. Alijaza 1.5. Mita 1.5 kwa shilingi 14,000 ni 21,000 kwa dirisha, jumla 84,000. Akalipa bila kuomba hata punguzo, nami nikafurahi. Fundi akakata, akashona, mzigo ukapanda basi. Kesho yake jioni ananitumia picha. Pazia limenyooka kama kanga kwenye kamba ya kuanikia, halina mkunjo hata mmoja, na pembeni mwanga unapita.

Kwa wasiouza mapazia niwaeleze kidogo. Vitambaa vingi vya pazia vina kimo cha mita 2.8, kwa hiyo kimo si shida, unachonunua ni urefu wa kukata. Na huo urefu hauwi sawa na dirisha. Unaongeza nusu futi kila upande ili pazia lifunike ukuta kidogo, halafu unazidisha mara mbili ili lipate mikunjo. Dirisha la futi 5 linakuwa 6, mara mbili ni 12, yaani kama mita 3.7 za kitambaa. Yule mteja alihitaji mita 3.7 kwa kila dirisha, mimi nikamkatia 1.5.

Mimi nilipoandika "Upana" nilimaanisha upana wa kitambaa. Yeye alisoma "Upana" akaenda kupima dirisha, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Nilipompigia nikaanza kujitetea, ooh hukusoma maelezo. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, mimi nilijaza ulichoniuliza."

Nilikata simu nikiwa nimekasirika. Usiku ndipo nikaona kwamba alikuwa sahihi kwa asilimia zote. Nikamshonea mengine kwa gharama yangu, yale mafupi nikayakata kuwa ya vyoo na jikoni nikauza bei ya kutupa.

Sasa angalieni nilichofanya baada ya hapo, kwa sababu naona wengi wenu mnakifanya. Sikurekebisha kisanduku. Niliweka tangazo juu ya ukurasa, herufi kubwa nyekundu: SOMA MAELEKEZO KABLA YA KUAGIZA. Chini yake mistari kumi na mbili. Jinsi ya kupima, jinsi ya kuzidisha, pesa hairudishwi. Unadhani nani aliisoma? Hakuna. Watu wanakuja kununua pazia, hawaji kufanya mtihani. Kama ukurasa wako una maelezo marefu ya namna ya kuutumia, ujue kuna kitu ndani yake kinachosumbua na wewe umekifunika na maneno.

Dawa niliipata kwa bahati. Shangazi yangu alikuja kututembelea, nikampa simu nikamwambia, "Shangazi, hebu agiza pazia la sebuleni kwako kama vile mimi sipo." Nikakaa pembeni.

Kitu cha kwanza, akagusa picha ya kitambaa. Haikufanya kitu, kwa sababu mimi niliweka picha ni ya kutazama tu, kuchagua kulikuwa kwenye orodha ya majina huko chini. Akagusa tena. Akasema, "Simu yako imekwama." Nikataka kumwambia ashuke chini, nikajizuia, nikauma ulimi. Akahangaika mpaka akaiona orodha, akachagua jina ambalo halikuwa la kitambaa alichokipenda. Akafika kwenye "Upana (m)". Kimya. Halafu: "Mwanangu, hii m ni mita? Mimi futikamba sina. Ila fundi aliyeniwekea nondo alisema madirisha yote ni tano kwa tano."

Tano kwa tano. Futi. Nchi nzima tunaongea madirisha kwa futi, fundi nondo anaandika futi, fundi wa alumini anaandika futi, hata mimi mwenyewe dukani namuuliza mteja "dirisha la ngapi kwa ngapi?" Lakini nilipokaa kwenye kompyuta nikaandika mita, kwa sababu duka la jumla linaniuzia kwa mita. Niliuliza swali la kwangu badala ya swali la mteja.

Tangu siku ile nikitengeneza kitu chochote cha mteja kubonyeza, najiuliza kwanza: hiki ninachomuuliza, anakijua tayari kichwani? Kama hakijui, basi si swali la kumuuliza. Muulize anachokijua, hesabu iachie mashine. Mteja wa viatu anajua namba anayovaa, hajui sentimita za unyayo wake. Mteja wa keki anajua watu kumi na tano wanakuja, hajui kilo ngapi. Mteja wa tenki la maji anajua familia ya watu sita, lita atazijua wapi?

Baada ya shangazi nikatafuta wengine wanne. Kwa nini watano? Kuna mtaalamu wa Kidenmaki anaitwa Jakob Nielsen, mwaka 2000 aliandika kwamba ukiwatazama watu watano tu wakitumia kitu chako, utaona sehemu kubwa ya matatizo yake, na kwamba ni bora kuwajaribu watano, ukarekebisha, ukajaribu tena, kuliko kukusanya watu wengi kwa mpigo. Kwangu mimi hata wawili wa kwanza walitosha kunitoa jasho.

Namna ya kumjaribu mtu ni rahisi ila inahitaji moyo. Atumie simu yake na bando lake, si simu yako yenye kioo kizuri na Wi-Fi ya dukani. Mwambie ukurasa ndio unaopimwa, yeye hapimwi, maana watu wetu wakikwama wanajiona wajinga na wanaanza kuomba samahani. Mpe kazi ya kweli, "nunua pazia la chumbani kwako", usimwambie "bonyeza hapa halafu pale". Kisha nyamaza. Akikuuliza "nifanyeje hapa?" mrudishie, "wewe ungefanyaje kama sipo?" Usiguse simu yake. Andika kidole kiliposimama na neno alilosema. Ukijikuta unaeleza, hapo hapo andika unachoeleza, maana ndicho ukurasa ulitakiwa useme wenyewe. Na usimchague rafiki yako anayeshinda kwenye mitandao. Chagua anayefanana na wanaonunua kwako.

Wa pili alikuwa kaka wa bodaboda anayenipelekea mizigo. Tulikaa kijiweni, jua kali. Nilikuwa nimeandika maelekezo ndani ya visanduku kwa kijivu hafifu, nikiona ndiyo kisasa. Juani hakuona kitu, akaweka mkono kama mwavuli. Na alipogusa kisanduku kuandika, yale maneno yakapotea, akasahau kinachotakiwa, akafuta ili ayaone tena. Jina la kisanduku likae juu yake, nje, kwa rangi iliyokolea, lisiondoke.

Alipofika mwisho akabonyeza "Agiza". Mtandao ulikuwa mzito. Skrini ikabaki vilevile. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu, kama vile nguvu ya kidole inasaidia. Simu yangu mfukoni ikalia mara tatu: oda tatu. Ndipo nikaelewa wale wateja niliokuwa nawaita wasumbufu, wanaotuma oda mbili mbili halafu wanakana moja. Hawakuwa wasumbufu.

Hapa kuna jambo la zamani kidogo ambalo bado ni kweli. Huyo huyo Nielsen kwenye kitabu chake cha 1993 alieleza mipaka mitatu: jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu anahisi limekuja papo hapo, likichukua mpaka sekunde moja anagundua kachelewa lakini mawazo hayakatiki, likipita sekunde kumi anaondoka kimawazo, anaenda kufanya kingine. Mtandao wa mteja huwezi kuuharakisha, lakini kitufe kujibu unaweza. Cha kwangu sasa kikiguswa tu kinabadilika rangi, maneno yanakuwa "Inatuma, subiri…" na hakikubali kuguswa tena. Oda ikifika, skrini nzima inabadilika: "Tumepokea oda yako, namba 47." Na mtandao ukikata kabisa, inamwambia haijafika, na kitufe kinarudi ili ajaribu tena. Isije kukaa "Inatuma" milele, huo nao ni uongo.

Kijana wa tatu aliandika namba yake ya simu kama anavyoisoma, na nafasi katikati. Ukurasa ukatoa kosa jekundu kwa Kiingereza, nililolinakili kwenye video bila hata kulifikiria, na ukafuta kila alichojaza. Kila kitu! Kitambaa, dirisha, jina, vyote. Akaniangalia: "Dada, basi nitakuja dukani." Na huyu alikuwa anakaa mbele yangu. Yule wa Tunduma haji dukani, anafunga tu na wewe hutajua kama alikuwepo.

Mtanzania anaandika namba yake kwa sifuri saba, au sifuri sita, au anaanza na 255, au anaweka alama ya kujumlisha, au anaacha nafasi, au anaweka vistari. Zote ni sahihi. Mashine iondoe nafasi na vistari, ichukue tarakimu tisa za mwisho, iongeze 255 yenyewe. Hiyo ni mistari miwili ya kazi kwa anayekutengenezea tovuti, lakini kwa mteja ni tofauti ya kununua na kuondoka. Mwambie pia kisanduku cha simu akiweke type="tel" ili ikitokea kibodi iwe ya namba moja kwa moja. Na kosa likitokea, liandikwe kwa Kiswahili, chini ya kisanduku chenye kosa, liseme cha kufanya: "Namba imepungua tarakimu moja, angalia tena." Alichojaza kibaki.

Wa nne na wa tano walikwama sehemu zile zile, isipokuwa mmoja aliyekataa kuendelea alipokutana na "Jisajili". Nilikuwa nadai barua pepe, nywila na tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya kuzaliwa kwa ajili ya pazia! Niliiweka kwa sababu niliiona kwenye maduka makubwa ya nje. Baadaye nikasoma kisa alichokieleza Mmarekani Jared Spool mwaka 2009, cha duka kubwa la mtandaoni lililokuwa linamlazimisha mteja kujisajili kabla ya kulipa. Wapya walichukia, wa zamani walikuwa wamesahau nywila. Wakaondoa kile kitufe cha kujisajili, wakaweka cha "Endelea" na ujumbe mfupi kwamba si lazima kuwa na akaunti. Wateja wanaokamilisha manunuzi wakaongezeka kwa asilimia 45, na kwa mwaka wa kwanza ikawa dola milioni 300 zaidi. Kitufe kimoja.

Na kwetu kuna sababu nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka ukusanye taarifa kwa kusudi linaloeleweka, zinazohitajika tu. Duka dogo na lenyewe linakusanya majina na namba za watu. Mimi nimebakiza jina, simu na mahali pa kupeleka mzigo. Basi.

Nilipoanza kuutengeneza upya sikuangalia tena maduka ya nje. Niliangalia menyu ya kutuma pesa kwenye simu, ile ya nyota na reli. Bibi yangu hajui intaneti lakini menyu ile anaipita hata usingizini. Kwa nini? Inauliza swali moja kwa wakati. Namba. Kiasi. Halafu kabla ya namba ya siri inakurudishia: unamtumia fulani, kiasi hiki. Hapo ndipo watu wengi wanagundua wamekosea namba, kabla pesa haijaondoka.

Basi ukurasa wangu sasa unakwenda hivi. Kwanza picha za vitambaa, ukigusa picha ndiyo umechagua, inazungushiwa mstari mnene. Pili, mchoro wa dirisha wenye mshale kutoka upande hadi upande, na maneno "Dirisha lako ni futi ngapi kwa upana?" Chini yake vitufe vikubwa: 3, 4, 5, 6, 7, 8, na "nusu". Hakuna kuandika. Vitufe niliviacha vikubwa kwa makusudi, Google wanashauri walau vipimo 48 kwa 48 kwa vitu vya kuguswa kwenye Android, na Apple wanasema 44. Kidole cha mtu anayeuza samaki si sawa na kidole cha mchora tovuti. Tatu, anasoma sentensi, si jedwali:

"Mapazia ya madirisha 4 ya futi 5. Kila dirisha mita 3.7 za kitambaa, lenye mikunjo, linalozidi dirisha nusu futi kila upande. Shilingi 51,800 kila moja pamoja na kushona. Jumla 207,200."

Chini yake vitufe viwili, "Sawa, agiza" na "Rudi nirekebishe". Akirudi anakuta vyote alivyochagua vipo.

Mtaona jumla imekuwa 207,200, wakati yule wa Dodoma alilipa 84,000. Niliogopa watu watakimbia wakiona bei halisi. Kuna wanaokimbia kweli. Lakini wanakimbia kabla sijakata kitambaa, na hilo nimeamua ni zuri.

Kama huna mtu wa kukutengenezea ukurasa, anza na linki ya WhatsApp iliyojazwa tayari, haina gharama. Unaandika wa.me/ halafu namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele, kisha ?text= na maneno unayotaka mteja ayatume, nafasi ukiziandika %20. Mteja akigusa, meseji inafunguka imeshaandikwa "Nataka pazia la futi", yeye anamalizia. Lakini hata hiyo, mpe mtu simu yake aijaribu ukiwa umenyamaza.

Picha ni habari fupi: usipandishe iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja, ipunguze kwanza. Picha kumi za MB 4 ni MB 40 za bando la mtu ambaye hajaamua hata kununua.

Tangu nibadilishe, kipimo kibaya kimenipata mara moja tu. Mteja alikuwa na dirisha la kona, lile linalopinda na kushika kuta mbili. Akachagua futi 6 kwa sababu upande mmoja ni 6, wa pili hakuna alipouandika. Nilifikiria kuongeza maswali mawili kwa ajili ya madirisha ya namna hiyo, nikaona nitawachosha wengine wote. Nimeweka kitufe kidogo chini ya vile vya futi, "Dirisha langu halifanani na hili", ukikigusa kinafungua WhatsApp na kuomba picha ya dirisha. Hao nawapimia mwenyewe kwa mazungumzo, kama zamani.